Kabla Hujaipeleka Mashine Yako Maonyeshoni: Fundi wa Nakuru Kuhusu Hataza

Kama kuna kitu umekibuni karakanani kwako na watu hawajakiona bado, kiache kwanza hapo kilipo, kifunike na turubai, usome haya.

Mimi natengeneza mashine za kukata majani ya ng'ombe. Karakana yangu iko Nakuru, na wateja wangu wengi ni wafugaji wa Bahati, Njoro na Subukia, watu wenye ng'ombe wawili watatu na kipande cha nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, nyuma ya nyumba. Mashine hizi zina ubaya mmoja ambao kila mfugaji anaujua: zinakula mikono. Rola mbili huvuta nepia na kuipeleka kwenye visu, na mkono ukifuatana na majani, unavutwa vilevile. Mama mmoja wa Bahati aliniletea mashine yake nimbadilishie beringi. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole viwili. Akauliza bei, akalipa, akapakia mashine yake akaenda. Usiku ule sikupata usingizi.

Ndipo nikatengeneza mdomo mrefu uliofunikwa juu, ili mtu asukume nepia kutoka mbali, mkono usifike kwenye rola. Julai iliyofuata nikaupeleka maonyesho ya kilimo hapa Nakuru. Nilieleza kila aliyesimama. Bwana mmoja alikuja siku mbili mfululizo, akapiga picha, akatoa futi akapima, na mimi mwenyewe nikamshikia ncha ya futi. Mwaka uliofuata nikauona mdomo uleule, rangi tu ndiyo iliyobadilika, kwenye mashine za karakana kubwa kuliko yangu. Walikuwa wakiuza kwa bei ambayo mimi hata vyuma sinunui.

Nilikwenda kuuliza habari za hataza, yaani haki ambayo serikali humpa mvumbuzi awe peke yake katika kutengeneza na kuuza alichokivumbua, nikiwa na hasira kifuani. Afisa aliyenisikiliza alikuwa mpole. Aliitazama michoro yangu, kisha akauliza, "Sasa mzee, katika mashine hii, kilicho chako hasa ni kipi?"

Nikamjibu, "Yote."

Hakubishana nami. Alichukua kalamu akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: A01F 29.

Tafuta kabla ya kukasirika, na kabla ya kulipa

Hataza zote za dunia zimepangwa kwa alama, kama maduka ya vipuri yanavyopanga beringi kwa namba. A01F 29 ndiyo rafu ya mashine za kukata nyasi na mabua. Ukishaijua rafu yako, ingia PATENTSCOPE, ambayo ni ya Shirika la Mali Miliki Duniani, au Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya. Zote mbili ni bure. Simu inatosha kuanzia, ila michoro huonekana vizuri kwenye kompyuta ya saiba. Kama hujui alama ya kitu chako, tafuta kwa maneno ya Kiingereza mpaka upate hataza moja inayofanana nacho, kisha uangalie imepewa alama gani. Hiyo alama ndiyo mlango.

Usianze kwa kusoma, maana lugha ya hataza inachosha. Anza na michoro. Fundi akitazama mchoro dakika moja anajua kitu kinafanya kazi vipi.

Nilikaa saiba jioni mbili. Jioni ya kwanza niliuona mdomo wangu. Ulikuwa umechorwa kwa wino na mtu wa karne iliyopita, katika nchi nyingine, umefunikwa juu, mrefu kuliko mkono wa mtu, kwa sababu ileile. Jioni ya pili nikaona mingine. Mwaka mzima nilikuwa nimembebea yule bwana wa futi hasira kwa kitu ambacho hakikuwa changu wala chake. Nilijigundulia mwenyewe, kweli, lakini sikuwa wa kwanza, na hataza hupewa kitu kipya duniani, si kitu kipya Nakuru.

Jioni hizo mbili zilinionyesha pia upande wa pili, ambao mafundi wengi hawaujui, na mimi nauona ndio wenye faida kubwa kwetu. Kila hataza utakayoiona ina nchi na ina tarehe. Hataza iliyosajiliwa Marekani peke yake haina nguvu Nakuru. Na popote ilipo, huisha miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa, au mapema zaidi mwenyewe akiacha kulipa ada ya kila mwaka. Ikishaisha, kila kilichoelezwa mle ndani, pamoja na michoro na vipimo, ni ruhusa yako kukitengeneza na kukiuza. Mimi nilichukua mpangilio wa gia kutoka hataza iliyokufa zamani, na rola zangu zikaacha kukwama. Ila hakikisha mambo mawili. Kwanza, angalia kama mwenye hataza alipitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika lenye makao yake Harare, kwa sababu ombi moja pale linaweza kuitaja Kenya na kuwa na nguvu hapa. Pili, kama unauza Uganda au Tanzania, angalia na huko.

Je, mnunuzi akiifungua ataona?

Ukishapata kitu ambacho hukukiona kwenye rafu, jiulize swali hilo. Hataza ni mapatano: unaieleza dunia kila kitu, hadharani, na serikali inakupa miaka ya kuwa peke yako. Kama mnunuzi akifungua mashine yako kwa spana ataelewa ulichofanya, huna siri ya kulinda, kwa hiyo afadhali usajili. Kama hawezi kuelewa hata akiifungua, nyamaza nayo.

Visu vyangu navitengeneza kwa chuma cha springi za lori. Jinsi ninavyovipasha moto, rangi ninayoisubiri kabla ya kuzamisha kwenye oili, na muda ninaovipasha tena baadaye, hakuna anayeweza kuyajua kwa kukitazama kisu. Hayo siyaandiki popote. Siri ya biashara haina mwisho wa miaka, lakini pia haina kinga mtu mwingine akiigundua kwa jasho lake.

Kitu changu cha pili kilikuwa cha kuonekana. Nilining'iniza kizuizi mbele ya rola, ndani ya ule mdomo. Nepia inapita chini yake bila taabu. Mkono ukiingia mpaka hapo, kigasha kinakisukuma kizuizi, nacho kimeungwa kwa wenzo na rola ya juu, kwa hiyo rola inainuka na kuacha kuvuta. Injini inaendelea, visu vinazunguka, lakini mkono hauvutwi tena. Yeyote akiitazama kwa dakika mbili anaelewa. Hiyo ndiyo ya kusajili.

Kwa kazi za namna hii usikimbilie hataza kubwa. Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 ina hataza ndogo, ambayo kisheria huitwa modeli ya matumizi. Hataza kubwa inataka kitu kiwe kipya, kiwe na matumizi, na tena kiwe na hatua ya ubunifu ambayo mtu wa kazi hiyo asingeifikia kirahisi. Hataza ndogo haidai hilo sharti la tatu. Inadumu miaka 10 tangu siku ya kupewa, na haiongezwi. Mashine ya jua kali miaka 10 inatosha, maana kabla haijaisha utakuwa umeibadilisha mara tatu. Kama kilicho kipya ni umbo na sura tu, si ufanyaji kazi, basi sajili usanifu wa viwandani: miaka 5, na unaweza kuiongeza mara mbili mpaka ifike 15. Jina unalolipaka ubavuni mwa mashine ni alama ya biashara, miaka 10 kisha unaongeza kila inapoisha. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na mashine ziko daraja la 7. Kijitabu cha maelezo na michoro yake kina hakimiliki bila kusajiliwa. Hizo ofisi zisikuchanganye: hakimiliki ni KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, mengine yote haya ni KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, iliyoko Nairobi.

Kuandika dai

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huumia. Ombi lina fomu, maelezo, muhtasari, michoro, na madai. Maelezo yanaweza kuwa kurasa 20, lakini kinacholindwa ni kile kilichosemwa kwenye dai, basi. Ni kama hati ya shamba: unaweza kusimulia uzuri wa kilima chote, lakini shamba lako ni lile lililo ndani ya mipaka iliyopimwa.

Fomu ni za Kiingereza. Mimi niliandika dai kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu sitaki kufikiri mashine yangu kwa lugha ninayoihangaikia. Hili ndilo dai langu la kwanza:

"Mashine ya kukata majani yenye fimbo ya chuma ya milimita 12, iliyofungwa kwa bawaba mbili za nchi 2 juu ya mdomo, na springi ya pikipiki inayoirudisha fimbo mahali pake."

Nililiona zuri, maana kila neno lilikuwa kweli. Kijana wangu wa kazi alilisoma akauliza, "Na mtu akitumia mnyororo badala ya bawaba?" Nikanyamaza. Mtu akitumia mnyororo, au bomba badala ya fimbo, au akaacha springi, yuko nje ya mpaka. Nilikuwa nimelinda vyuma vilivyokuwa mezani siku ile, si wazo.

Nikaandika la pili: "Mashine ya kukata majani isiyojeruhi mikono." Hilo nalo halifai. Ni ombi la heri, halisemi kitu kinafanywaje, na kila aliyewahi kufunika mdomo wa mashine tangu karne iliyopita yumo ndani yake. Dai likigusa kitu kilichokuwapo, linaanguka.

La tatu tuliliandika usiku, tukifuta na kuandika:

"Mashine ya kukata majani yenye rola ya juu na rola ya chini, na kizuizi kinachoning'inia mbele ya rola hizo, kizuizi hicho kikiwa kimeunganishwa na rola ya juu kwa namna ambayo kikisukumwa kuelekea kwenye rola, rola ya juu huinuka na kuacha kuvuta majani."

Hakuna milimita, hakuna bawaba, hakuna springi. Kuna viungo vitatu na uhusiano wao. Jaribio ninalokufundisha ni hili: chukua kila neno la dai lako, lifunike kwa kidole, ujiulize kama mashine ingefanya kazi ileile bila hilo neno. Ikifanya, lifute. Kisha geuka uulize kama yaliyobaki yanagusa kitu ulichokiona kwenye rafu. Yakigusa, rudisha neno moja, lile tu linalokutenganisha nacho. Chini ya dai hilo kubwa ndipo unapoweka madogo: mashine kama ilivyo katika dai la 1, ambapo kizuizi hurudi kwa uzito wake chenyewe. Kubwa likianguka siku moja, dogo laweza kusimama.

Baada ya hapo mpelekee wakala wa hataza aliyesajiliwa. Mimi nililipa na sijuti. Lakini nilimpelekea mtu kazi iliyoiva nusu, naye hakuwa na sababu ya kunitoza kwa kuniuliza mashine inafanya nini.

Lile wazo la kuacha springi na kutumia uzito wa kizuizi chenyewe halikuwa langu. Ni la yule kijana. Kwa hiyo kwenye fomu, pale penye mvumbuzi, kuna majina mawili. Kuna waliosema namharibu kijana. Sheria inampa mwajiri haki ya uvumbuzi uliofanywa katika kazi aliyomwajiri mtu aifanye, kama mkataba hausemi vingine, lakini mvumbuzi ni aliyevumbua. Tuliandika makubaliano ya ukurasa mmoja kuhusu atakachopata kwa kila mashine kabla hatujapeleka fomu. Fanya hivyo mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Siku na tarehe

Nimekutana na mafundi waliopeleka mchoro kwa chifu ukapigwa muhuri, wakaamini wamelindwa. Mwingine alijitumia barua kwa posta. Muhuri wa chifu unathibitisha kwamba karatasi ilikuwapo siku hiyo. Haukupi haki ya kumzuia mtu. Wawili wakibuni kitu kimoja kila mmoja kivyake, haki inakwenda kwa aliyewasilisha ombi kwanza.

Kama umeshaonyesha kitu chako mwenyewe, Kenya inakusamehe miezi 12. Ukiwasilisha ombi ndani ya miezi hiyo, maonyesho yako hayahesabiwi kuwa yameua upya wake. Usiutegemee msamaha huo ukiwa na ndoto za mbali: Ulaya hawana huruma ya namna hiyo, ukionyesha leo kesho si kipya tena. Na kuwasilisha kwenyewe kunafungua miezi mingine 12 ya kuomba katika nchi nyingine, ukihesabiwa kana kwamba uliomba huko siku ileile uliyoomba Nairobi.

Mimi mara ya pili sikuonyesha mtu. Mashine ilihitaji kujaribiwa kwa mfugaji, nikampelekea mmoja Njoro, na kabla ya kuishusha tukasaini karatasi: kitu ni changu, yuko nacho kwa majaribio, hatakipiga picha wala kukieleza mpaka nimwambie. Nilieleza sababu, akaelewa, akaegesha mkokoteni mbele yake kila wageni walipokuja. Ombi lilipopata namba na tarehe, ndipo nikaipeleka maonyeshoni.

Kipi usikifungie mtu

Nilijifunza kazi Kibuye, Kisumu, nikipiga bati la majiko. Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani lilianza mapema miaka ya 1980, wazo likiwa limeazimwa kutoka jiko la ndoo la Thailand. Halikufungiwa hataza. Kwa sababu hiyo kila fundi wa Kibuye alilitengeneza, mimi nikiwa mmoja wao, na kwa sababu hiyo watoto wengi walikula. Lakini niliona pia udongo usiochomwa vizuri ukipasuka wiki ya pili, na mteja akilaumu jiko lote badala ya aliyelitengeneza. Hakukuwa na jina la kumtofautisha mwema na mbaya. Leo ningeliacha wazo huru na kusajili alama.

Kufunga kila kitu nako kunaua. Tazama cherehani. Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1846, Singer akapata yake 1851, na wengine walishika vipande vyao, mpaka hakuna aliyeweza kuunda cherehani nzuri bila kushtakiwa na mwenzake. Mwaka 1856 wakubwa wanne walichoka na kesi, wakaziweka hataza zao chungu kimoja, na aliyetaka kutengeneza akalipia pale. Chungu kilivunjika 1877 hataza ya mwisho ilipoisha. Nalikumbuka jambo hilo kila fundi mwenzangu anaponiambia anataka hataza ya kila bolti.

Na kuna ya Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, aliyebuni mkanda wa gari wa ncha tatu mwaka 1959. Volvo walikuwa na hataza mkononi, wakawaachia watengenezaji wengine wautumie. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama wa Bahati, na nililijadili jambo hili na mke wangu muda mrefu. Kizuizi changu kinaokoa mikono. Je, ni haki kumzuia mtu kukitumia? Tuliamua hivi: mfugaji au fundi anayetaka kukifunga kwenye mashine ya zamani iliyokwisha uzwa, afanye bila kunilipa, na nimeandika hivyo kwenye karatasi ninazogawa. Anayetengeneza mashine mpya za kuuza, achukue leseni. Fundi mmoja wa Kisumu ameshachukua. Ananilipa shilingi 500 kwa kila mashine, mkataba umesajiliwa KIPI, na mwezi wa kwanza alinipigia simu kusema wenzo ukiwa mfupi kidogo rola inainuka haraka zaidi. Alikuwa sahihi. Tumeubadilisha.

Ule mdomo wa kwanza ni wa watu wote, kwa hiyo chukua vipimo. Kutoka ukingoni mpaka kwenye rola ziwe sentimita 90. Zile 45 zilizo karibu na rola zifunike juu kwa bati zito, pembeni tumia anglaini. Kifuniko usikifunge kwa bolti, kichomelee, kwa sababu cha bolti kitatolewa siku ya kwanza nepia itakapokwama.